Saa mbili ya kroni si saa mbili ya Kigoma
Katika kroni, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba, mstari `0 2 * * *` (dakika 0, saa 2, kila siku) hauanzishi kazi ya kunakili data saa mbili usiku. Unaianzisha saa nane usiku, maana kroni huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa mbili usiku yetu ni `0 20 * * *`.

Kuna mtego mwingine: seva nyingi za kukodi huja na majira ya UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa 3, hivyo kazi ya saa mbili itaanza saa tano. Andika `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha uwashe kroni upya kwa `sudo systemctl restart cron` (kwenye Ubuntu na Debian), la sivyo itashikilia majira ya zamani.

Ofisi inayozima kompyuta jioni, au umeme ukikatika, ni habari nyingine: kroni hailipi kazi iliyopitwa. Tumia taima ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux, ambaye naye huanzisha kazi kwa ratiba) yenye `OnCalendar` (ratiba yenyewe) na `Persistent=true`; mashine ikiwaka asubuhi, kazi iliyokosekana huanza yenyewe. Au iweke tu saa saba mchana, `0 13 * * 1-5` (Jumatatu hadi Ijumaa), watu wakiwa wameifuata migebuka ya chakula cha mchana.