Hita ya pampu ya joto: lita ngapi zinatosha nyumbani kwako?

Hita ya pampu ya joto hupasha maji kwa joto inalolivuta hewani. Jedwali la kuchagulia tangi linalokuja na hita hizi mara nyingi limepigiwa hesabu nchi za baridi, ambako maji huingia kwenye tangi yakiwa na nyuzi 10 hivi. Yetu huku Unguja na Pemba, yakishinda juani kwenye tangi la juu, hufika 27 na kuzidi. Basi usikubali kuuziwa lita 300 kwa sababu tu mko watu sita. Pima kwanza.

Hatua ya 1. Tia ndoo ya lita 20 chini ya shawa, fungua kama unavyooga siku zote, utazame saa. Ikijaa kwa dakika mbili, shawa yako inatoa lita 10 kwa dakika.

Hatua ya 2. Tafuta saa yenye msongamano, usihesabu siku nzima. Nyumba nyingi ni asubuhi, watoto wanapotayarishwa kwenda skuli. Watu sita, dakika nne kila mmoja: lita 240 za maji vuguvugu. Wanaooga kwa ndoo na kopo hawafiki hata nusu ya hapo.

Hatua ya 3. Maji ya kuogea ni nyuzi 40, ya kwenye tangi 55. Kutoka 27, ya kwanza yamepanda nyuzi 13, ya pili 28. Gawa 13 kwa 28, zidisha kwa 240: kama lita 110 za moto. Tangi halitoi yote, maana ya baridi huingia chini huku unatumia. Mimi hukadiria robo tatu. 110 gawa kwa 0.75 ni karibu 150. Hilo ndilo tangi lako.

Hatua ya 4. Soma kibandiko. Kilowati za joto si kilowati za umeme, na wauzaji huzichanganya. Pampu yenye kilowati 1.5 za joto hupasha lita 45 hivi kwa saa, kwa hiyo maji yakiisha mtasubiri. Lakini lita 150 ambazo hita ya kawaida ingekula uniti 5 za tukuza (umeme wa kulipia kabla) kuzipasha, hii huzipasha kwa 2 au chini.

Nyumba ya wageni Paje au Jambiani ni habari nyingine: wote hurudi pwani pamoja, basi hesabu shawa zote zikiwa wazi.

Mwisho ni pahala. Hita hii huvuta joto la hewa, kwa hiyo stoo iliyofungwa itapoa na kazi itazorota. Iweke penye hewa, na uivutie mpira wa kutolea maji ya unyevu wa hewa: wakati wa masika hutona kutwa.