Mantiki fazi: mwonyeshe mtumiaji kanuni iliyovuta zaidi

Ukitengeneza kidhibiti cha mantiki fazi (kinachoamua kwa kanuni za maneno, ambamo jambo linaweza kuwa kweli kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1), usiishie kuonyesha jibu tu. Chini ya "feni: asilimia 64" weka kanuni iliyopata nguvu kubwa kuliko zote, kwa maneno yake yenyewe: "Chumba kina joto kiasi (0.7) na unyevu ni mwingi (0.8), kwa hiyo feni iende kasi. Nguvu: 0.7." Hiyo 0.7 ni ile ndogo kati ya mbili. Ndivyo "na" inavyohesabiwa katika mfumo wa Mamdani, ambao kanuni zake zina maneno hata upande wa jibu. Hii inasaidia kwa sababu kanuni tayari ni sentensi. Zile grafu za pembetatu zinazopishana, zinazoonyesha mipaka ya maneno kama "joto kiasi", waachie mafundi. Ila 0.7 si uwezekano wa asilimia 70, na watu wataisoma hivyo tu, kwa hiyo siku hizi naandika "kiwango cha kufaa". Ujanja hukwama kanuni nne tano zikilingana nguvu, au mfumo ukiwa wa aina nyingine, ya Sugeno, ambako upande wa jibu kuna mlinganyo, si neno. Kibaya zaidi: mipaka ikirekebishwa na data mpaka nyuzi 35 zikaitwa "joto kiasi", sentensi itasomeka vizuri huku inadanganya.