SOMO: Sinema za mazimwi wa zamani, uanze na ipi na utazame nini

Wakuu, kila mara naulizwa faragha "nianze na ipi?" Naweka hapa mara moja, nisiulizwe tena.

1. Tazama usiku, zima taa, simu weka mbali.

2. Anza na Nosferatu ya 1922, ya Mjerumani F.W. Murnau. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha filamu ikatiwa buluu ili ujue ni usiku. Nakala nyingi za bure mtandaoni hazina rangi hiyo, kwa hiyo unamwona Max Schreck, mwigizaji wa yule zimwi mnyonya damu, anatembea na jeneza lake mjini mchana kweupe, wakati hadithi nzima imesimama juu ya jambo moja: jua linamuua! ONYO: nakala ya nyeusi na nyeupe tupu, achana nayo. ONYO la pili: watu wakienda mbiombio, kasi imekosewa, tafuta nyingine. Ukipata nzuri, tazama anavyoinuka melini kutoka kwenye jeneza, mzima mzima kama ubao, bila kukunja goti.

3. Dracula ya 1931. Bela Lugosi, ndiye Dracula mwenyewe, haonyeshi meno ya kunyonyea damu hata mara moja. Kazi yote ni macho na ule usemi wa kukokota.

4. Frankenstein, mwaka huohuo. Boris Karloff, anayeigiza kiumbe, anaingia kinyumenyume, anageuka taratibu. Kisha paa linafunguliwa, mwanga unamwangukia, naye anainua mikono akijaribu kuushika. Mwanga ukifungwa, mikono inabaki inaomba. Hana neno hata moja pale, na kwangu hakuna uigizaji wa zimwi ulioupita huo.

5. Dracula ya Uingereza ya 1958, Christopher Lee. Sasa rangi, damu na meno.

MASWALI

Mdau: Frankenstein si ndiye yule mwenye skrubu shingoni?
Jibu: Siye. Frankenstein ni yule aliyemuunda. Kiumbe mwenyewe hana jina. Na zile si skrubu, ni za kupitishia umeme.

Mdau: Nosferatu nimeiona, mbona anatembea juani?
Jibu: Soma hatua ya 2.

Mdau: Nimesoma yote. Mbona ya Lugosi haina muziki?
Jibu: Swali zuri sana. Sinema za sauti zilikuwa changa, muziki wa kusindikiza matukio ulikuwa haujazoeleka. Baadaye sana Philip Glass aliitungia muziki. Itazame kwanza bila huo. Na ukiipenda, tafuta Drácula ya Kihispania: ilipigwa usiku kwenye seti zilezile, wenzao wa Kiingereza wa mchana wakishaondoka. Kamera yake inatembea zaidi, ila Carlos Villarías, Dracula wa humo, hamfikii Lugosi kwa macho.

Mdau: Weka link mkuu.
Jibu: Siweki.

Mdau: Wa kike hakuna?
Jibu: Yupo! Elsa Lanchester, Bride of Frankenstein, 1935. Anatokea dakika chache tu mwishoni. Angalia shingo inavyokatika huku na huku kama ya ndege, na ule mlio wa kufoka alisema aliuchukua kwa mabata maji. Mwanzoni mwa filamu ni yeye pia aliyeigiza Mary Shelley, mtunzi wa riwaya ya Frankenstein. Ila usiitangulize, inaanzia pale hatua ya 4 inapoishia.