Unavyomwombea mtoto wa kambo grini kadi ya Marekani kama ww ni raia

Kabla hujalipa hata senti angalia tarehe mbili, siku mliyofunga ndoa na siku mtoto aliyofikisha miaka 18. Ndoa lazima iwe imetangulia. Mkioana wiki moja baada ya bathdei yake, mlango huo umefungwa hata kama umemlea tangu yuko kwa nepi. Kumuasili si lazima, kwa hiyo usikimbilie kotini bure.

Sasa hapa ndo wengi hukwama: raia anajaza I-130 (fomu ya kumwombea ndugu) ya mke akidhani watoto wamo ndani. Hawamo! Kila mtoto na I-130 yake na malipo yake. Anayeomba akiwa na grini kadi tu, si raia, ndo watoto humfuata mama kwa ombi moja, lakini wanasubiri foleni ya viza. Mtoto wa raia aliye chini ya 21 na hana ndoa hana foleni hiyo, na umri wake unasimama siku USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) wanapopokea fomu, so kama yuko 20 usilaze damu.

Fungua akaunti ya USCIS, jaza fomu, skani cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mama, cheti chenu cha ndoa, karatasi za talaka au kifo kama mmoja wenu alishawahi kuoa ama kuolewa, na uthibitisho wa uraia wako. Kagua majina herufi kwa herufi, mama akiwa Mwanaisha kwa cheti cha mtoto na Mwanaesha kwa cha ndoa utaulizwa tu, tafuta afidaviti mapema.

Ikipita faili inaenda NVC, kituo cha Marekani kinachoandaa faili za viza. Unalipa dola 325 za viza na 120 za I-864 (hati ya udhamini wako wa kifedha), unajaza DS-260 (fomu ya viza ya mtandaoni) ya mtoto, halafu unaonyesha mapato yako yanafika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini wa kule, ukihesabu kila mtu unayemlisha. Hayafiki? Tafuta mdhamini mwenza. Mtoto wa miaka 16 kwenda juu anahitaji cheti cha maadili mema, kwa Kenya unaomba kupitia eCitizen halafu unaenda alama za vidole.

Mwisho ni daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, kisha intavyuu, kwa Wakenya ni Nairobi pale Gigiri. Msishangae maswali mengi yakimhusu mama na ww, maana ndoa ikionekana ya karatasi mtoto naye anaanguka, kwa hiyo bebeni picha, mesji, risiti za pesa ulizotuma.

Mtoto akiingia Marekani ndoa haijafika miaka 2 anapewa kadi ya miaka 2, I-751 (fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo) inajazwa ndani ya siku 90 za mwisho. Na uraia haumjii kupitia ww baba wa kambo, mama yake akiapa uraia kabla mtoto hajafika 18 na anaishi naye akiwa na grini kadi, hapo ndo anaupata.