SOMO: Kielekezi cha drili kwenye pleti za mifupa, na kwa nini mrija uliokaa upogo utakutesa mwaka unaofuata

Wiki hii peke yake nimeulizwa jambo hilihili na intani wanne. Mmoja alinitumia picha saa saba usiku, seti nzima imemwagwa mezani, chini kaandika: "Sista, hiki cha dhahabu ni cha nini?" Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hapa.

Mimi ni muuguzi wa thieta, miaka 14 sasa nasimama meza ya vifaa vya mifupa hapahapa Dar. Sifundishi kupasua. Skrubu iende wapi ni kazi ya daktari. Mimi nasema kifaa kipi kinakwenda na kipi, na mkono ukikosea nini hutokea.

Jina kwanza. Hapa nitaandika kielekezi. Thieta tunakiita gaidi, ndivyo Kiingereza kilivyotuangukia mdomoni. Kuna mama alikuwa kakaa benchi la nje anamsubiri mwanawe, akasikia daktari anapaza sauti, "Sista, gaidi wa pili yuko wapi?" Tulimkuta getini anaongea na mlinzi.

Kazi ya kielekezi ni tatu: kuzuia biti (ncha ya drili inayotoboa) isiteleze juu ya mfupa, kwa sababu mfupa ni mviringo na umelowa, kukinga nyama na mishipa isisokotwe na biti, na kuliweka tundu la mfupa mahali panapotakiwa ndani ya tundu la pleti, lile bamba la chuma linalofungwa kwenye mfupa uliovunjika. Hii ya tatu ndiyo watu husahau.

HATUA YA 1. Ijue pleti. Tundu lenye nyuzi ndani ni la lokingi, yaani skrubu inayojifunga kwenye pleti yenyewe. Tundu laini lililorefuka kama yai ni la skrubu ya kawaida. Zipo zenye yote mawili, nusu hivi nusu vile.

HATUA YA 2. Linganisha biti na skrubu. Namba zote ni milimita. Skrubu ya kawaida ya 3.5, biti 2.5. Ya kawaida ya 4.5, biti 3.2. Ya lokingi ya 3.5, biti 2.8. Ya lokingi ya 5.0, biti 4.3. Hivyo ndivyo seti nyingi zilivyo, lakini kila mtengenezaji ana yake, kwa hiyo soma namba iliyochongwa kwenye biti na kwenye kielekezi. Usichanganye seti mbili kwa sababu rangi zinafanana.

HATUA YA 3. Pleti ya kubana. Hapa kuna kielekezi chenye ncha mbili, kijani na dhahabu. Kijani kinatoboa katikati ya tundu: skrubu inashika tu, haisukumi kitu. Dhahabu kinatoboa pembeni, upande ulio mbali na mvunjiko. Ndani ya tundu la pleti kuna mteremko, kwa hiyo kichwa cha skrubu kinapokazwa kinateleza kuufuata na kuuvuta mfupa kuelekea mvunjiko. Kwenye pleti ya 4.5 ni kama milimita 1. Unaona ndogo, lakini ukiangalia mvunjiko wakati daktari anakaza utauona ufa unafumba.

Kielekezi cha dhahabu kina mshale. Mshale unatazama mvunjiko. Ukiugeuza unaachanisha mifupa badala ya kuibana. Intani wa saa saba usiku, jibu lako ni hilo.

HATUA YA 4. Mrija, yaani kielekezi cha pleti ya lokingi. Hapa kaeni chini.

Skrubu ya lokingi ina nyuzi mpaka kichwani, na nyuzi hizo zinaingia kwenye nyuzi za pleti. Pleti na skrubu vinakuwa kitu kimoja, na nguvu yote ya mfumo iko hapo. Mrija unafungwa kwenye tundu la pleti ili biti ipite kwenye mhimili uleule ambao skrubu itaufuata. Skrubu ikiingia imepinda zaidi ya digrii 5 hivi, kichwa hakikai sawasawa na ushikaji unaanza kupungua.

Miaka sita iliyopita, hospitali moja ambayo siitaji, tuliletewa dereva wa bodaboda, muundi umevunjika juu karibu na goti. Saa tisa usiku. Mimi ndiye niliyefunga mirija. Mmoja niliuona umelala, nikadhani nimeukosea, nikausimamisha kwa vidole uwe wima na pleti. Ukagoma kidogo, nikaulazimisha, ukaingia. Nikajisifu moyoni. Kumbe matundu ya pleti zile za karibu na goti yamelazwa makusudi, kila moja lina pembe yake. Mrija uliolala ndio uliokuwa sawa. Nilichofanya ni kuvusha uzi mmoja juu ya mwingine.

Daktari akatoboa, skrubu ikaingia, kichwa kikabaki kimechomoza upande mmoja kama sarafu iliyokwama kwenye tundu la kibubu. Tukatazamana. Tukasema imeshika. Ilishika kweli, tena kupita kiasi. Baada ya mwaka na miezi miwili yule kijana akarudi kutolewa chuma. Skrubu nyingine zilitoka. Ile haikusogea, bisibisi ikala kichwa chake mpaka nyota ikawa duara. Tukaikata pleti kulizunguka tundu, kwa muda wa karibu saa mbili, na vumbi la chuma linamwagika kwenye nyama ya mtu huku nalifukuza kwa maji ya chumvi na kulinyonya. Sijasahau ile sauti.

Kwa hiyo:
– Funga mrija kwa vidole viwili tu, bila koleo wala bisibisi. Ukigoma, usilazimishe, ufungue wote, uanze upya.
– Usiunyooshe kwa jicho. Pembe inaamuliwa na tundu.
– Ukishakaa, ushike kichwani uutikise. Uliokaa vizuri unatembea na pleti kama kitu kimoja. Ukicheza peke yake, haujakaa.
– Nyuzi za mrija zikiwa na kingo zinazong'aa kama wembe zimeshalika. Ondoa kwenye seti siku hiyohiyo, usisubiri kikao.
– Pleti ikikunjwa palepale penye tundu, nyuzi za tundu hilo zimeharibika. Usilitumie kwa lokingi.

HATUA YA 5. Toboa. Biti kali, mkono mwepesi, maji ya chumvi yanadondoka muda wote. Mfupa ukikaa kwenye joto la sentigredi 47 kwa dakika moja tu, seli zake zinaanza kufa, na skrubu iliyo kwenye mfupa mfu italegea. Biti butu ndiyo inayopika mfupa. Ukipita gamba la mbali, yaani ukuta mgumu wa mfupa upande wa pili, simama. Ng'ambo yake kuna mshipa wa mtu.

HATUA YA 6. Pima kina. Ndoano ya kipimo ishike gamba la mbali kwelikweli, siyo nyama. Pima mara mbili.

HATUA YA 7. Kaza. Kama kwenye kipande kimoja cha mfupa kuna skrubu za kawaida na za lokingi, za kawaida zinatangulia ziivute pleti mfupani. Ukishaloki, pleti haivutiki tena. Mkazo wa mwisho wa lokingi ni kwa mkono na kidhibiti nguvu: 1.5 nyutoni mita kwa skrubu ya 3.5, na 4 kwa ya 5.0. Kikilia "tik", acha. Mashine ya umeme haikazi mkazo wa mwisho. Haikazi.

Karibuni maswali.

---

intani_mchovu: Shikamoo sista. Asante kwa somo. Sasa skrubu ya kawaida ya 3.5 tunatoboa na biti ya ngapi?

Sista Meza ya Pili: Marahaba. Hatua ya 2.

Dokta wa Bara: Sista, sisi mrija wa 2.8 ulipotea. Tunatoboa kwa jicho na skrubu zinaingia vizuri tu. Naona unawatisha vijana.

Sista Meza ya Pili: Kuingia na kukaa ni vitu viwili, dokta. Yangu nayo iliingia. Kama mrija haupo na pleti ina matundu ya aina mbili, weka skrubu za kawaida kwa kielekezi cha kawaida, kama mvunjiko unaruhusu. Kama hauruhusu, azima seti kabla mgonjwa hajalazwa mezani. Jicho si kielekezi.

Dokta wa Bara: Ni rahisi kusema ukiwa Dar.

Sista Meza ya Pili: Na huku pia inapotea, dokta. Ndiyo maana nahesabu mirija kabla na baada, kama ninavyohesabu pamba.

mzalendo_77: Kwa hiyo unakiri ni wewe uliyemharibia yule kijana, na bado uko kazini?

Sista Meza ya Pili: Nakiri mrija niliufunga mimi, nimeandika hapo juu kwa mkono wangu. Mfupa wake uliunga, anatembea, na boda yake anaendesha. Taarifa iliandikwa na yeye mwenyewe alielezwa. Ningenyamaza wewe usingejua, na intani wa kesho angerudia. Una swali?

Fundi Gerezani: Sista, mimi si mtu wa hospitali, nina lathe (mashine ya kukereza chuma) hapa mtaa wa Gerezani. Hii ya uzi kuvuka uzi hata kwetu ni ugonjwa wa kila siku. Sisi kabla ya kukaza tunazungusha kwanza kinyume, polepole, mpaka usikie kitu kimedondoka "tik" mahali pake. Hapo mwanzo wa uzi umekutana na mwenzake. Ndipo unakaza. Mmeshawahi kujaribu? Na kwa nini skrubu ya 3.5 itobolewe 2.5, kwani nyuzi mnakata na tepu kama sisi?

Sista Meza ya Pili: Kaka yangu, miaka 14 hakuna aliyeniambia hilo la kinyume. Leo mchana nimejaribu kwenye pleti ya mazoezi na mrija mzima: unausikia kabisa kwenye kidole kabla ya kuusikia kwa sikio. Naliongeza kwenye somo.

Swali lako: skrubu ya kawaida ya 3.5 namba hiyo ni ya nje, kutoka ncha ya uzi mpaka ncha ya uzi. Kiini chake ni 2.4. Tunatoboa 2.5 ili kiini kipite na nyuzi zing'ate mfupa. Ndiyo, tepu tunayo, hasa kwa mfupa mgumu wa kijana. Lakini skrubu nyingi za siku hizi zinajikatia njia zenyewe. Ya lokingi ina kiini kinene zaidi, ndiyo maana biti yake ni 2.8. Na daktari akitaka kubana vipande viwili kwa skrubu moja ya 3.5, gamba la karibu anatoboa 3.5 nzima ili uzi usishike, la mbali 2.5 ushike. Wewe ungeliona hilo bila kuelezwa.

Fundi Gerezani: Ndivyo tunavyofunga flenji. La karibu legevu, la mbali lishike.

Sista Meza ya Pili: Hilo hilo.

mwanachuo_uhandisi: Dada, naomba kuuliza. Tunaweza kuchapa vielekezi kwa printa ya 3D kufuata mfupa wa mgonjwa mwenyewe? Chuoni printa tunayo.

Sista Meza ya Pili: Swali zuri mdogo wangu. Duniani vinatengenezwa, vinachapwa kwa kufuata picha ya siti-skani ya mgonjwa. Ila tazama mambo mawili. Plastiki ya PLA mnayochapia inaanza kulegea kwenye joto la sentigredi 60 hivi, na mashine yetu ya mvuke inafika 121 au 134. Utaingiza kielekezi utoe ubwabwa. La pili, biti ikizunguka ndani ya plastiki inakwangua, na unga wake unaingia kwenye kidonda, kwa hiyo tundu linavikwa bomba la chuma. Anza na mifupa ya mazoezi, na ushirikishe daktari wa mifupa tangu siku ya kwanza, siyo siku ya kuonyesha kazi.

Mama Tegeta: Samahanini, mimi ni mlezi tu. Mdogo wangu kawekewa chuma mkononi, kwenye eksirei naona ncha za skrubu zimetokeza kidogo upande wa pili wa mfupa. Ndiyo upogo huo?

Sista Meza ya Pili: Hapana dada, usiogope kwa hilo. Ncha ikitokeza kidogo, milimita 1 au 2, mara nyingi ni makusudi, ili nyuzi zishike gamba la mbali lote. Kama anasikia ganzi vidoleni, anashindwa kuinua kiganja, au kidonda kinatoa maji, usisubiri kliniki, mpeleke leo. Eksirei mwonyeshe daktari aliyempasua, mimi siwezi kusoma picha ya simu.

intani_mchovu: Sista, na mirija inaoshwaje? Juzi tumekuta mmoja una kitu cheusi ndani.

Sista Meza ya Pili: Sasa umeuliza. Ni damu na unga wa mfupa, vimekaukia humo. Mvuke hauwezi kusafisha uchafu, unaupika tu. Mrija usiachwe ukauke: upasuaji ukiisha, lowesha hapohapo, kisha brashi nyembamba ipite ndani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ndani ya maji, kisha utazame kwenye taa kama unavyotazama bunduki. Ukiona duara safi la mwanga, pakia.

Fundi Gerezani: Sista, ule mrija ulioharibika mliutupa?

Sista Meza ya Pili: Ninao kwenye droo, nawaonyesha wanafunzi.

Fundi Gerezani: Nina lenzi na geji ya nyuzi. Ulete tuone uzi wa ngapi ndio ulioanza kuvuka.

Sista Meza ya Pili: Jumamosi natoka zamu saa nane. Upo?

Fundi Gerezani: Mpaka saa kumi na moja.