Kuweka Injini ya 454 Katika Chevrolet Chevelle ya 1968 Hadi 1972

Chevelle ya miaka hii ni miongoni mwa magari ya nguvu ya Kimarekani yanayokubali injini kubwa bila ugomvi mwingi, kwa sababu Chevrolet yenyewe iliifanya kazi hiyo kiwandani. Bodi ile ile iliuzwa ikiwa na injini ya silinda sita, ikauzwa na V8 ndogo za 307 na 350, ikauzwa na V8 kubwa ya 396 (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Mwaka 1970, General Motors ilipoondoa kanuni yake ya kuzuia magari ya ukubwa wa kati yasivuke inchi za ujazo 400, ikapewa 454, ambayo katika toleo la LS6 ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Nafasi chini ya boneti ipo, na vipuri vingi vya kukamilisha kazi vingali vinatengenezwa. Mwongozo huu unachukulia kwamba gari lina 307 au 350 pamoja na giaboksi ya otomatiki ya TH350, na kwamba injini inayoingia ni 454 ya familia ya Mark IV, yaani lita 7.4. Injini za 454 zilizotengenezwa kuanzia 1991 zina tofauti zake, na kwa anayefanya kazi hii mara ya kwanza ni afadhali kuziacha.

Wengi huanza kwa kung'oa injini ya zamani, kisha gari linakaa juu ya stendi miezi mingi huku mwenyewe akitafuta rejeta. Mpangilio ninaoupendekeza ni wa kinyume: breki, springi, upoozaji na difu (gia za ekseli ya nyuma) vishughulikiwe kwanza, wakati gari bado linatembea kwa injini yake ya awali, ili kila badiliko lijaribiwe barabarani peke yake na kasoro yake ijulikane imetoka wapi.

Kwa upande wa breki hakuna mjadala. Gari likiwa bado na breki za ngoma magurudumu yote manne, weka diski mbele, pamoja na masta silinda na valvu ya kugawa presha vinavyolingana nazo. Injini kubwa ina uzito wa takriban kilo 50 zaidi ya V8 ndogo, na uzito huo wote unakaa juu ya ekseli ya mbele. Springi za zamani zitalala, usukani utakuwa mzito, na pua ya gari itagusa kila tuta. Agiza springi za mbele zilizokusudiwa injini kubwa, na ukishafungua huko ubadilishe bushi na shokamzoba pia. Rejeta iwe ile pana, ya safu nne za shaba au ya alumini yenye safu mbili nene, na feni ifunikwe kwa kava lake. Feni isiyo na kava huvuta hewa ya pembeni tu, na gari litachemka kwenye foleni hata kama rejeta ni mpya.

Difu hutambulika kwa kuhesabu bolti za kava la nyuma. Ile ya bolti 10 ya magari ya 1968 hadi 1970 ina krauni, yaani gia kubwa ya ndani, ya kipenyo cha inchi 8.2, na itavumilia kwa muda ikiwa matairi ni ya kawaida na dereva ni mtulivu. Ile ya bolti 12, yenye krauni ya inchi 8.875, ndiyo iliyowekwa nyuma ya injini kubwa, na bei yake leo inaonyesha kwamba kila mtu anaitafuta.

Sasa ndipo ufike kwenye injini yenyewe. V8 ndogo na V8 kubwa za Chevrolet zina mpangilio mmoja wa matundu ya bolti za kufungia giaboksi, na matundu ya mauntingi ubavuni mwa bloku nayo yanafanana, kwa hiyo TH350 yako itafunga moja kwa moja. Usidanganyike kwamba kila kitu kitahamishwa. Tofauti na 396 na 427, injini ya 454 husawazishwa kwa uzito ulio nje ya krenkishafti, kwenye puli kubwa ya mbele na kwenye flaiwili, hivyo vyote viwili lazima viwe vya 454. Ukifunga flaiwili ya 350, injini itawaka na itatetemeka hadi iharibu bearingi zake. Stata nayo hufuata flaiwili: yenye meno 168 hutumia stata ambayo bolti zake mbili zimepishana, na yenye meno 153 hutumia stata ya bolti zilizo sambamba.

Vibebeo vya kwenye chesisi na mipira ya mauntingi vinunuliwe kwa jozi, vya mwaka wa gari na vya injini kubwa. Ukichanganya kibebeo cha aina moja na mpira wa aina nyingine, injini itakaa juu mno au chini mno, na hapo sampu (bakuli la oili chini ya injini) itagusa chesisi au kabureta itagusa boneti. Kabla ya kufunga boneti mara ya kwanza, weka madonge ya udongo laini juu ya chujio la hewa, shusha boneti taratibu, ifungue, kisha pima unene uliobaki. Pima pia nafasi kati ya kava ya valvu na haidrovaki ya breki, kati ya kava ya upande wa pili na kisanduku cha hita, na kati ya mabomba ya eksozi na boksi la usukani.

Jambo moja kwa mafundi waliozoea magari ya Kijapani: bolti za gari hili ni za inchi. Spana ya 13 itaonekana inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, lakini italegea na kula kona zake.

Wakati wa kuunganisha giaboksi, tokikonveta, yaani kiungo cha mafuta kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, isukumwe nyuma huku ikizungushwa mpaka ikae kabisa ndani ya pampu. Utaisikia ikishuka kwa hatua. Belihausi (kasha la mbele la giaboksi) inapogusana na bloku, tokikonveta lazima iweze kuzunguka kwa mkono, na kati yake na flaiwili ibaki nafasi ya milimita 3 hadi 5, ndipo uivute mbele na kuifunga. Kama nafasi haipo, ifungue tena. Anayevuta giaboksi kwa kukaza bolti huvunja pampu yake, na kosa hilo halionekani mpaka mafuta yaanze kumwagika.

Usiwashe injini iliyokauka. Toa distribyuta, ingiza kifaa cha kuzungushia pampu ya oili, na kizungushe kwa drili kuelekea mwendo wa saa. Tumia kifaa chenye mwili unaofanana na wa distribyuta, kwa kuwa mwili huo ndio unaoziba njia ya oili. Fimbo tupu itaacha oili ivuje na upande mmoja wa roka (mikono inayofungua valvu) utabaki mkavu. Mwanzoni drili inazunguka kwa wepesi, kisha ghafla inakuwa nzito mkononi: oili imejaa. Mwenzako azungushe krenkishafti polepole, na uendelee mpaka kila roka itoe oili.

Ikiwa kemshafti ni mpya na ni ya tapeti bapa (zisizo na rola), tumia oili yenye zinki ya kutosha, na injini ikishawaka iende moja kwa moja kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, ikae humo takriban dakika 20 bila kuachwa ingurume polepole. Kwa hiyo petroli, maji na taiming viwe sawa kabla ya kugeuza ufunguo. Mfuatano wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, sawa na wa V8 ndogo. Bomba la petroli kutoka kwenye tangi liwe la inchi 3/8. Baada ya safari fupi ya kwanza acha injini ipoe, kisha kaza upya bolti za menifoldi ya eksozi, badilisha oili, na ukate chujio lake ulitazame ndani kama kuna chembe za chuma.