Unampikia mtu wako kwa mara ya kwanza? Pika wali nazi, tena mchana

Wengi tukipenda tunawaza kumtoa mtu out, chips kuku na soda baridi, sio mbaya kabisa, ila siku ukimpikia kwa mkono wako ndo mnaanza kujuana. Na wewe kaka usiniambie kupika kazi ya wanawake, jifunze hata chakula kimoja tu ukiweze.

Kwanza muulize hali nini. Usikisie. Kuna Msabato hagusi kambale, kuna mwingine akila pweza tu anavimba mwili mzima, na kama amefunga Ramadhani usimwite mchana, mpikie futari, magimbi ya nazi na uji vinatosha sana.

Siku ya kawaida mwambie aje saa 7 mchana, na kama anataka kuja na rafiki yake mkaribishe bila kununa. Geto saa 3 usiku hata upike vipi atakaa roho juu. Na ukishampikia humdai kitu jamani, hili naomba mlishike kweli.

Sasa jikoni. Anza na samaki, changu au kibua, mchane mbavuni umpake ndimu, chumvi, kitunguu saumu na tangawizi umwache kama nusu saa. Nusu kilo ya mchele na nazi moja kubwa kwa watu wawili mnakula mpaka mnabakiza. Huna mbuzi ya kukunia? Sokoni wanakukunia. Kamua tui zito kwa maji kidogo ya vuguvugu uliweke pembeni, rudia machicha upate tui jepesi, hilo jepesi ndo unachemshia wali na chumvi, na likiwa jikoni usiende kuchati, koroga koroga lisije likakatika. Weka mchele ulioosha, maji yakikaribia kukauka mimina tui zito, geuza taratibu, punguza moto, funika na upalie makaa juu ya mfuniko. Wa gesi weka moto mdogo kabisa. Samaki mtie kwenye mafuta yaliyochemka na usimguse mpaka upande mmoja uive, ukimgeuza mapema atavunjika.

Kachumbari usiikate, mwachie yeye. Mimi wangu siku ya kwanza nilimpa kisu na nyanya akakaa kwenye kigoda pale mlangoni, tukapiga stori za kwao, za marehemu baba yake, vitu ambavyo miezi yote kwenye simu hatujawahi kuvigusa. Ndo maana nasema usimalize kila kitu kabla hajafika.

Akiwa tayari mnawishe, tandika mkeka, wekeni sinia moja mle kwa mkono kama amezoea, na simu zikae mbali. Wali ukibaki mfungie kwenye kontena apeleke nyumbani, halafu msindikize mpaka kituoni, jua bado lipo.